Wasichana wakianguka darasani, tuanzie wapi?

Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule inafungwa katikati ya Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa na kicheko na kilio. Madaktari hawakuona sumu wala maambukizi. Kwa walimu, hakuna hata mmoja aliyepatwa.

Walimu wengi wa vijijini wameshayaona ya namna hiyo, ila siku hizi huwa ni mayowe na kuanguka, na watu huyaita mapepo.

Binti haigizi. Msongo umepata njia ya kutokea mwilini: moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, vidole vinakakamaa. Mwenzake mwenye mzigo kama wake akitazama, naye anafuata. Kwa hiyo kwanza watawanyeni watazamaji. Aliyeanguka apelekwe kivulini, akae naye mtu mmoja anayeongea taratibu. Msimkandamize, msimpige picha. Kisha zahanati, maana malaria kali na kifafa navyo huangusha, na havisubiri.

Sina ugomvi na maombi. Ninachokataa ni kutangaza mstarini kwamba kuna mchawi: hofu itaongezeka asubuhi ileile, na bibi fulani kijijini atakuwa hatarini.

Kazi yenyewe huanza wakishatulia. Mwalimu wa unasihi, heri awe mwanamke, awaite mmoja mmoja, mbali na ofisi ya nidhamu. "Una nini?" haifungui mdomo wa mtu. Aulize: unalala wapi? Jana ulikula nini? Katika shule moja ya kata niliyoitwa, binti wa kidato cha tatu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mlango wa geto alilopanga hauna komeo. Anaufunga kwa kamba ya katani, na usiku kuna mtu huja kuusukuma. Wiki kadhaa hajapata usingizi. Wenzake watatu walioanguka siku ile walipanga nyumba hiyohiyo.

Mwalimu asiahidi siri ya kila kitu. Amwambie mapema: "Mwanangu, likigusa usalama wako, nitamweleza atakayekulinda." Hapo ndipo anapoingia afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au namba 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto. Binti akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake hata dakika moja. Afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Pale shuleni wazazi walikuwa wameanza kuchangishana fedha za mganga. Mkuu wa shule aliwasihi, zikanunua makomeo na kufuli. Suala la yule mtu likapelekwa polisi, na mama mmoja jirani na shule akawapokea mabinti wanne walale kwake. Usiku wa kwanza, aliniambia, walilala hadi jua likachomoza, akashindwa kuwaamsha.