Msimbazi hausafishwi kwa glovu na viroba

Kila Juni 5 ikikaribia, Siku ya Mazingira, lazima mtu aniulize mwaka huu tunakutana wapi kuokota taka Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Huwa naenda na naokota kama wengine. Ila kazi yangu ni kupima maji, na kwenye vipimo sijawahi kuona tofauti kati ya kabla ya shughuli ile na baada yake. Chupa na mifuko ni kero ya macho zaidi. Kinachouua mto hakiokoteki.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale daraja la Salenda, penye mikoko. Njiani unapokea vijito vya Ubungo na Sinza, na Mto Ng'ombe unaopita Tandale. Kwa maneno mengine, karibu kila kinachomwagwa katikati ya Dar kinaishia humo.

Wanafunzi wangu nawaonyesha hali ya mto kwa njia ya Winkler ya kupima oksijeni majini, kongwe tangu 1888. Unajaza chupa ya kioo mpaka mdomoni bila kuacha hata povu moja la hewa, unatia salfeti ya manganizi, halafu ayodaidi yenye alkali, unafunga na kuipindua mara kadhaa. Kama maji yana oksijeni, mashapo yanageuka kahawia. Kama hayana, yanabaki meupe. Maji safi kwa joto letu hubeba kati ya miligramu 7 na 8 za oksijeni kwa lita. Kiangazi, ukichota mto ukishapita Vingunguti, usishangae mashapo yakibaki meupe pe, na tope la chini likinuka mayai viza.

Oksijeni imemalizwa na bakteria wanaovunjavunja kinyesi, damu ya machinjio na uchafu wa viwandani. Kiasi cha oksijeni wanachohitaji tunakiita BOD. Kanuni za ubora wa maji za 2007 zinaruhusu miligramu 30 kwa lita kwa majitaka yanayoachiwa mtoni. Tope la choo cha shimo ni maelfu.

Sasa tuseme lile ambalo mikutanoni huwa tunalizunguka: kutapisha vyoo. Wakazi wengi wa Dar hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Bondeni maji ya ardhini yako juu, shimo linajaa upesi, na gari la kunyonya haliingii uchochoroni. Basi mvua kubwa ikianza usiku, mwenye nyumba anachomoa matambara aliyozibia tundu la ubavuni mwa shimo, au anafungua kipande cha bomba, na mvua inamalizia kazi. Asubuhi kila mtu anasikia harufu na hakuna anayeuliza. Mwasema ni ukosefu wa ustaarabu? Mimi sioni hivyo. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kulipia gari ambalo bomba lake halifiki chooni kwake.

Kwa hiyo ningepewa fedha leo, za kwanza zingekwenda huko: vijana wenye pampu za mkono, mapipa na guta, na mtambo mdogo wa kuchakata topekinyesi karibu na mtaa. Vifaa hivi si ndoto, vimeshatumika Dar. Tope linaoza kwenye chumba kisichopitisha hewa, kisha linakaushwa juu ya vitanda vya mchanga, na maji yake yanachujwa kwenye changarawe iliyopandwa matete. Ukaribu ndiyo roho ya mpango. Mtambo ukiwa mbali, guta litamwaga mtoni, na hapo tumehamisha tu mahali pa kutapishia.

Viwanda navyo vina sheria ya kutosha. Tatizo ni ukaguzi wa saa nne asubuhi uliotanguliwa na barua. Sampuli ichukuliwe usiku wa manane, kwenye mdomo wa bomba, tuone.

Tofauti na kinyesi, metali nzito kama kromiamu na risasi haziozi. Zinatulia kwenye tope, na tafiti zimeshazikuta kwenye mboga za bondeni. Kupika mchicha kunaua vijidudu, lakini risasi inabaki vilevile.

Ndiyo maana naufuatilia kwa hamu na wasiwasi mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia Dola milioni 200 mwaka 2022. Daraja la Jangwani lililomo kwenye mradi huo tunalihitaji, nani asiyekumbuka mafuriko ya Desemba 2011? Lakini daraja huinua magari, maji ya chini yanabaki yaleyale. Na mchanga unaojaza Jangwani unatoka milimani huku juu, tunakokata miti na kujenga kwenye miteremko, hivyo ukichimbua bila kuzuia kule, utarudi tena kuchimbua. Kuhusu tope litakalochimbuliwa, swali langu kwa wahandisi wenzangu ni la kikazi tu: limepimwa metali nzito, na linapelekwa wapi? Majibu ya maabara yatangulie lori la kwanza.