Wasiwasi, kiwewe na sonona: mbona kwa mtoto inakuja kivingine na kwa mzee kivingine

Siku hizi neno stresi limebebeshwa kila kitu. Mtu kakosa usingizi, stresi, kagombana na bosi, stresi, ana miezi mitatu hapokei simu na kuoga anajilazimisha, nayo stresi tu. Kumbe chini ya neno hilo kuna vitu vitatu tofauti, wasiwasi, kiwewe na sonona, alafu kinachochanganya zaidi ni kwamba ugonjwa uleule ukimpata mtoto wa miaka 7 haufanani kabisa na ukimpata babu wa miaka 70.

Wasiwasi kwanza, wengine wanaita anzaiti. Wenyewe sio ugonjwa, ndio unaokufanya uangalie huku na huku kabla hujavuka barabara. Unakuwa ugonjwa pale hatari haipo ila mwili haujui, moyo mbio, viganja jasho, pumzi fupi, na kichwa kinauliza je ikiwa hivi, je ikiwa vile, usiku kucha. Wasiwasi wa jumla, ule wa kuhofia kila kitu, unahesabiwa ugonjwa ukidumu miezi 6 na kuendelea. Na chakula chake kikubwa ni kukwepa: unaogopa kuongea mbele za watu, unatafuta sababu huendi, unapata ahueni palepale, basi ubongo unajiwekea kwamba kumbe kutokwenda ndio kumekuokoa, na mara ijayo woga unakuja umeongezeka. Ndio maana tiba yake ni kukisogelea unachokiogopa, kidogokidogo, ukiwa na mtu anayejua anachofanya.

Kiwewe, au troma, kinatokana na tukio, ajali, vita, kubakwa, kipigo cha ndani ya nyumba. Tukio limepita ila mwili haujapewa taarifa. Mlango ukibamizwa unaruka, ndoto zinakurudisha palepale, njia uliyopatia ajali huipiti tena. Wiki za mwanzo hayo ni kawaida na wengi yanapungua yenyewe, yakivuka mwezi na maisha hayaendi ndio inaitwa ugonjwa, na ugonjwa huo uliingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya kelele nyingi za waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Hapa niseme kitu kinaniudhi, ile tabia ya kumkalisha mtu siku ileile ya tukio na kumbana asimulie yote eti atoe moyoni. Haisaidii, na wengine inawaumiza zaidi. Mpe usalama, maji, mtu wa karibu, akitaka kuongea ataongea.

Sonona sasa. Neno ni la ukoo mmoja na kusononeka, na linapotosha kidogo, maana wapo wenye sonona ambao hata huzuni hawaisikii, wanasikia utupu. Kilichokuwa kitamu hakina ladha, usingizi umevurugika, mwili mzito, unajilaumu kwa mambo ya zamani, na wengine wanawaza kufa. Ikiwa hivyo karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, muone mtaalamu. Na ukihisi mtu anawaza kujiua muulize wazi, kumuuliza hakumpandikizii wazo, alafu usimwache peke yake mpaka apate msaada.

Turudi kwenye umri. Mtoto mdogo hana maneno ya haya mambo, anaongea kwa tumbo. Linauma kila asubuhi ya shule na jumamosi haliumi, au alishaacha kukojoa kitandani na sasa kaanza tena, au aliyeona ajali anachezea magari yagongane vilevile kila siku. Kijana anaongea kwa hasira, yaani nyumba nzima inasema kawa jeuri kumbe ni sonona. Mtu mzima anajificha kwenye kazi au pombe, na mama aliyejifungua anaambiwa ni uchovu tu. Mzee ndio anasahaulika kabisa, yeye atalalamika mgongo, atakonda, atasema siku hizi nasahau, watu wanadhani ni uzee. Mara nyingi mwenye sonona ndiye anayelalamika mwenyewe kwamba anasahau, ila ugonjwa wenyewe wa kusahau huwa wanaugundua watu wa nyumbani kabla yake. Sio kipimo cha uhakika lakini, apelekwe, na apimwe damu pia, tezi ya shingo (thairoidi) ikifanya kazi kidogo inaleta dalili hizohizo.

Tiba nayo inafuata umri. Mtoto mdogo anatibiwa kwa michezo na mzazi akiwemo ndani, kijana na mtu mzima wanafaidika sana na tiba ya maongezi ile ya kuchunguza mawazo na kubadili mazoea, daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, aliianzisha miaka ya 1960. Dawa za sonona zipo na zinasaidia, ila usumbufu wake unakuja wiki ya kwanza na nafuu inakuja wiki ya 2 mpaka ya 6, kwahiyo wengi wanaziacha katikati ya hapo. Wenye chini ya miaka 25 wanaangaliwa kwa karibu wakianza, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni. Mzee anaanzishwa dozi ndogo, na vidonge vya usingizi kama diazepamu kwake ni vya kuogopa, anaamka usiku anaanguka anavunjika nyonga. Ukishapata nafuu usikate dawa za sonona ghafla, rudi kwa aliyekuandikia apunguze taratibu, kile kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani wanayosimulia watu mara nyingi ni ya kuacha ghafla.