Masalia ya sabuni katika mashine ya kuoshea vyombo: maana na chanzo chake

Masalia ya sabuni ni ile sehemu ya sabuni ambayo, baada ya mashine kumaliza kuosha vyombo, haikuondoka pamoja na maji machafu bali imebaki ndani, ama kama bonge lililoganda katika kisanduku cha sabuni, ama kama unga au utelezi kwenye vyombo vyenyewe. Mipaka ya maana hii ina uzito wake, kwa kuwa watu wengi huita sabuni kila weupe wanaouona kwenye glasi, wakaanza kuongeza au kupunguza kipimo bila kujua wanachokitibu, ilhali mara nyingi weupe huo si sabuni hata kidogo.

Kisanduku cha sabuni kimejengwa upande wa ndani wa mlango, na kifuniko chake hushikiliwa na kikomeo kidogo. Katika programu nyingi mashine huanza kwa kusuuza vyombo kwa maji matupu na kuyamwaga maji hayo. Sabuni ingekuwa wazi tangu mwanzo, ingekwenda nayo bure. Ndipo baadaye kikomeo huachiliwa, ama kwa nguvu ya sumaku ya umeme, ama, katika baadhi ya mashine, kwa nta inayopashwa moto ikatanuka na kusukuma kijiti. Springi huinua kifuniko au hukivuta pembeni, na sabuni ikachukuliwa na maji.

Kwa hiyo ukikuta sabuni imebaki kisandukuni, jambo la kwanza la kutazama ni hali ya kifuniko. Kikiwa bado kimefungwa, sababu ya kawaida kuliko zote ni sahani kubwa au sinia lililopangwa mbele yake likakizuia kufunguka, na mtu asiyejua hilo anaweza kumwita fundi kwa kosa la upangaji tu. Sababu inayofuata ni unyevu: unga ukimwagwa katika kisanduku kilicholowa, au ukiachwa humo saa nyingi kabla ya kuwasha mashine, huganda ukawa kama jiwe na kukinata kifuniko. Dawa yake ni kusugua kingo na bawaba kwa brashi laini na maji ya moto, kukausha kwa kitambaa, na kutia sabuni pale tu unapokaribia kuwasha. Kidonge cha sabuni nacho kishikwe kwa mkono mkavu na kilazwe bila kubanwa. Ili kuhakikisha, funga kisanduku kikiwa kitupu, usiweke chombo chochote mbele yake, kisha endesha programu kamili. Kifuniko kikibaki kimefungwa, basi kikomeo, springi au kifaa cha umeme kinachokiachilia kina hitilafu, na hapo fundi anahitajika.

Kifuniko kikifunguka na sabuni ikabaki, tatizo ni maji. Huenda mikono ya kunyunyizia imezuiwa na mpini wa kijiko ulioning'inia, au matundu yake yamezibwa na punje za chakula. Huenda chujio limejaa uchafu. Huenda vyombo vimesongamana mno. Programu fupi ya maji baridi nayo haitoi muda wala joto la kutosha kuyeyusha kidonge, na vimeng'enya vilivyomo katika sabuni, vinavyovunja wanga na protini, hufanya kazi vizuri zaidi katika maji ya moto. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono isitiwe kabisa katika mashine, kwa kuwa povu lake huifanya pampu ivute hewa badala ya maji, na hata kuvuja sakafuni.

Sasa turudi kwenye weupe wa glasi, ambako ndiko makosa mengi hufanyika. Chukua glasi moja uisugue kwa maji ya uvuguvugu: weupe ukitoka, ni sabuni isiyosuuzika. Usipotoka, isugue kwa siki au maji ya limau; ukiyeyuka, ni chokaa. Maji magumu hubeba kalisi na magnesi, na sabuni za mashine huwa na magadi, ambayo yakikutana na kalisi hutengeneza chokaa nyeupe. Zamani fosfeti iliyotiwa katika sabuni ndiyo iliyoifunga kalisi isishike vyombo, lakini kwa sababu hurutubisha mwani katika mito na maziwa ikawekewa mipaka mikali, katika majimbo kadhaa ya Marekani mwaka 2010 na katika Umoja wa Ulaya mwaka 2017. Ndiyo maana chumvi maalumu ya mashine, kwa zile zenye kilainisha maji (kifaa cha ndani kinachopunguza ugumu wa maji), na kimiminika cha kusuuzia vimekuwa na umuhimu mkubwa zaidi. Chumvi hiyo haioshi chombo. Kazi yake ni kukirudishia kilainisha maji uwezo wa kunasa kalisi. Iwapo utatumia siki, usiichanganye kamwe na sabuni yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Weupe unaobaki hata baada ya siki ni kioo chenyewe kilicholika. Hutokea hasa pale maji yakiwa laini, sabuni ikiwa nyingi na joto likiwa kali, ilhali chokaa huzaliwa na maji magumu. Anayeongeza sabuni kwa kudhani anapambana na chokaa huzidi kukila kioo hicho. Glasi iliyokwisha kulika hairudishiki. Zilizosalia huokolewa kwa kupunguza kipimo cha sabuni, kuchagua programu ya joto la chini, na kurekebisha kilainisha maji kilingane na ugumu halisi wa maji yanayoingia mashineni.