Bomba lako la paladiamu lisije likawa majivu ya bibi

Watu wananiulizaga hapa Mbeya kazi yangu ni ipi hasa. Nina kibomba cha chuma urefu kama kalamu, ndani nimeshindilia unga wa mkaa uliobeba chembe za paladiamu, metali inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kuliwa, za nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Pampu inasukuma malighafi iliyoyeyushwa kwenye ethanoli pamoja na haidrojeni, vinaingia huku vinatokea kule, na kilichotoka kimeshabadilika, hamna kuchuja. Hilo la kutochuja ni kubwa jamani, unga ule ukishanywa haidrojeni halafu ukaukie hewani, unawaka!

Udogo wa chembe una maana yake. Kazi inafanyika juu ya uso wa metali, na chembe ya nanomita 2 karibu nusu ya atomi zake ziko nje, ya nanomita 10 ni kama moja ya kumi, nyingine zimekaa ndani bure na paladiamu ni ghali.

Sasa bibi yangu kule Tukuyu alikuwa anatengeneza magadi, anaweka majivu ya maganda ya ndizi kwenye kopo lililotobolewa, anamwagia maji taratibu. Kikombe cha kwanza kikali, ukifika cha nne ni maji tu. Kwenye kuongeza haidrojeni paladiamu inatulia vizuri, ila ukihamia Suzuki au Heck, zile za kuunganisha kaboni na kaboni zilizopewa Nobeli 2010, molekuli yenye bromini au iodini inang'oa atomi ya paladiamu kwenye chembe, inaondoka nayo, zinafanya kazi humo humo kwenye kimiminika, baadaye atomi inatua mbele kidogo, inang'olewa tena, hivyo hivyo hadi metali yote inatambaa kuelekea mlango wa kutokea. Mimi siku mbili nilifurahia mavuno mazuri, yaani kiasi cha zao nilichopata, ya tatu yakaporomoka, kumbe nilikuwa naosha majivu.

Kwa hiyo usipime mavuno peke yake, pima na paladiamu kwenye kinachotoka, tena mara kwa mara. Na kama unajaribu kwenye chupa, chuja kikiwa bado cha moto, maana kikipoa metali inarudi kwenye mkaa utadhani haikuwahi kutoka. Kwa dawa ya kumeza mwongozo wa kimataifa wa masalia ya metali kwenye dawa, ICH Q3D, unaruhusu mikrogramu 100 tu za paladiamu kwa siku, hapo hakuna kukadiria. Mimi sasa nafunga kibomba cha pili baada ya kile cha kwanza, cha silika (unga wa jamii ya mchanga) yenye salfa, salfa inaidaka paladiamu inayotoroka.