Peptidi duara ya kompyuta bado si dawa

Kompyuta ikibuni peptidi duara leo, kesho utasoma kwamba akili mnemba imegundua dawa. Haraka ya nini? Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi. Ziunganishe ncha zake, umepata duara. Duara halijikunji ovyo, na vimeng'enya vinavyotafuna minyororo kuanzia nchani havioni pa kuanzia. Faida yenyewe ndiyo hiyo.

Kinachokera ni watu kuyafanya maswali mawili kuwa moja. La kwanza: je, itaishika protini inayolengwa? Hapo hatua zimepigwa kweli. AlphaFold, modeli ya akili mnemba inayotabiri maumbo ya protini, ilifunzwa kwa protini ambazo karibu zote zina ncha mbili, kwa hiyo ukiipa duara la amino asidi 11, huhesabu kwamba ya 1 na ya 11 zimeachana hatua 10, ilhali zimeshikana. Maabara ya David Baker, Chuo Kikuu cha Washington, ilirekebisha hesabu hiyo ya nafasi tu, bila kuifunza modeli upya, nayo ikaanza kutabiri maumbo ya duara vizuri.

La pili: je, itapenya utando wa seli? Itazame siklosporini, inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Ina amino asidi 11 na uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 1,200 hivi, wakati kanuni ya Lipinski ya 1997, ya kukisia kama dawa ya kumeza itafyonzwa vizuri, inatahadharisha kuanzia 500. Hata hivyo humezwa, ikafanya kazi. Amino asidi zake 7 zimebeba methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu) kwenye nitrojeni, mahali ambapo kwa kawaida pangekuwa na haidrojeni ya kung'ang'ania maji. 4 zilizobaki huzificha haidrojeni zao kwa ndani molekuli inapoingia kwenye mafuta ya utando. Ikirudi majini, inabadilika umbo. Picha moja ya umbo, hata iwe sahihi namna gani, haikuonyeshi mchezo huo.

Data nazo ni haba. Hazina ya CycPeptMPDB ya 2023 ina vipimo vya upenyaji vya peptidi duara elfu saba na ushei, vingi vikiwa vya utando bandia usio na pampu za seli zinazosukuma dawa nje wala vimeng'enya. Modeli hujifunza humo humo.

Kwa hiyo ukiambiwa modeli imebuni peptidi inayoshika protini fulani, sema hivyo hivyo: inaishika. Protini ikiwa nje ya seli, suala la utando linapungua uzito. Ikiwa ndani, uliza upenyaji ulipimwa kwenye nini.