Mkebe uliorudi umejaa

Binti yangu alipoanza shule, nilikuwa na aibu moja ambayo sikumwambia mtu. Mimi ni mtaalamu wa lishe. Mchana kutwa nakaa kiliniki nikiwahimiza akina mama wawape watoto matunda, njugu na viazi vitamu. Jioni nikifika nyumbani Kisauni, Mombasa, nafungua mkoba wa mwanangu, mkebe umerudi kama ulivyokwenda. Karoti zimenyauka, yai limeanza kunuka, mkate umeloa. Vyote hivyo vinaishia jaani, na mtoto ameshinda na andazi alilonunua getini.

Ndipo nikaweka daftari jikoni, kando ya kopo la chumvi. Kila jioni naandika kilichorudi. Kilichokwenda hakinihusu, maana hicho nakijua, nimekitia mwenyewe. Miezi mitatu ya daftari hilo ilinifunza mambo ambayo darasani sikuyasikia.

Watu wakizungumza juu ya taka za vitafunio vya shule hukimbilia mifuko na karatasi. Nami nitafika huko. Lakini hebu fikiria kipande cha muhogo kilichorudi: umelimwa Kilifi, umepakiwa gari hadi soko la Kongowea, umeununua, umeumenya, umeuchemsha kwa gesi yako, halafu unautupa. Karatasi uliyoufungia si chochote mbele ya hasara hiyo. Taka ya kwanza ni chakula kisicholiwa, na Mombasa chakula kingi hakiliwi kwa sababu ya joto.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na mapumziko ni saa nne. Hapo pana muda wa saa nne kamili mkebe ukiwa ndani ya mkoba. Bakteria wanaoharibu tumbo hustawi kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na kanuni tunayofundisha ni kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, tena joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Sasa nyuzi 32 hapa kwetu mwezi wa Februari au Machi ni mchana wa kawaida, na mkoba umetundikwa dirishani kwenye jua. Sambusa ya nyama haistahimili hayo, wala mayai yaliyopondwa, wala wali, wala kitu chochote chenye tui.

Hili la tui nililijua vizuri sana kitabuni. Siku moja nikapika vitumbua alfajiri, vya mchele na tui zito, nikavipanga kwenye mkebe vingali moto nikafunga mfuniko kwa nguvu ili visipoe. Mvuke ukapanda, ukagonga mfuniko, ukageuka maji, ukavidondokea. Jioni nilipofungua, harufu ya tui lililochacha ilinipiga usoni kabla sijaona kitu. Binti yangu akaniambia, kwa upole wa kuniumiza, "Mama, vilikuwa vinateleza." Tangu siku hiyo chakula changu chochote cha moto kinapoa kwanza kwenye ungo, kimefunikwa kitambaa, mpaka ukikigusa hakina hata dalili ya joto, ndipo kiingie mkebeni. Hata mahamri makavu yakifungwa na moto wake hulainika na kuota ukungu mapema.

Kwa hivyo siku hizi nauliza jambo moja: je, kitafunio hiki ni kikavu, au ni kichachu, au kimefungwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe? Kikavu ni kama bisi, njugu, kashata, muhogo wa kuchoma. Kichachu ni kama ukwaju na mabuyu. Na kilichofungwa na Mungu ni ndizi, chungwa na pera, ambavyo vinakuja na ganda lao, na taka yake udongo unaipokea. Embe nalipenda, lakini likikatwa linatoa maji na kuchafua kila kilicho karibu, kwa hiyo linaliwa nyumbani. Ukilazimika kupeleka kitu cha kupoozwa, gandisha chupa ya maji usiku, ijaze nusu tu na uilaze ubavu isije ikapasuka, asubuhi ijazie maji, izungushie kitambaa na uiweke ubavuni mwa mkebe. Kufika saa nne mtoto ana maji baridi ya kunywa.

Sasa nije kwenye kitafunio ninachojivunia, ambacho kimetokana na kitu tulichokuwa tukiwamwagia kuku wa jirani. Nyumba nyingi za hapa hukuna nazi karibu kila siku, kwa mbaazi, kwa wali, kwa samaki wa kupaka. Tui likishakamuliwa, chicha, yale makapi ya nazi, inatupwa. Ile chicha bado ina mafuta kiasi na nyuzinyuzi nyingi, ambazo watoto wetu wa mkate mweupe wanazikosa. Shida yake ni moja: ikikaa na unyevu wake, kufika usiku imeshachacha. Kwa hivyo usiiache ikusubiri. Ukimaliza kukamua, iminye kabisa kwa mkono, itie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, na usiondoke. Mwanzo inatoa mvuke na kugandamana. Baada ya dakika kama kumi inaanza kuachana, mwiko unapita ndani yake kwa sauti kama ya mchanga, na rangi inageuka kuwa ya maziwa yaliyotiwa majani kidogo. Hapo jikoni kote kunanukia. Epua mara moja, maana kutoka dhahabu hadi kuungua ni kugeuka tu kuitazama simu.

Chicha ya nazi moja naichanganya na tende kumi au kumi na mbili zilizotolewa kokwa na kupondwa kwa vijiko viwili vya maji moto, nusu kikombe cha njugu zilizokaangwa na kutwangwa, iliki, na chembe ya chumvi. Sukari sitii, tende zinatosha. Unafinyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, unaviacha vipoe, unavitia kwenye chupa ya mfuniko. Kwangu vinakaa kwenye friji siku tano, na sijui kama vingekaa zaidi, maana havijawahi kufika ya sita. Viwili vinakwenda shule, na kimoja kinamsubiri mtoto baada ya alasiri kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, ile saa ambayo watoto wengi hupewa shilingi ishirini ili wasisumbue.

Nimetaja njugu, na hapa lazima nikaze sauti kidogo. Kupunguza taka kuna mpaka wake, na mpaka wenyewe ni ukungu. Njugu na mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu linalotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa nchi yetu. Sumu haiondoki kwa kukaanga. Kwa hivyo njugu zangu nazimwaga kwenye sinia penye mwanga na kuchambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au la kijivu, inatoka. Ukitafuna moja ukasikia uchungu, tema. Na usizihurumie ukampa kuku, kwa sababu sumu inaweza kukurudia kwenye maini na mayai. Hizo tupa bila majuto. Jambo jingine, mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, anaweza kupaliwa, mtwangie. Na umuulize mwalimu kama darasani kuna mtoto anayedhurika na njugu, kwa sababu watoto hugawana.

Mabuyu nayo. Mtoto wa Mombasa huwezi kumkataza mabuyu, na mimi sioni sababu ya kujaribu. Unga wa buyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule. Kinachonikera ni ile rangi inayobaki kwenye ulimi hadi kesho yake, ambayo hakuna anayejua ni ya chakula au ya mikeka. Nyumbani natengeneza shira kwa sukari nusu ya ile iliyozoeleka, pamoja na iliki na pilipili manga kidogo. Moto nauzima kwanza, naacha shira ipoe dakika chache, ndipo namwaga mabuyu na kukoroga, kwa sababu vitamini C haipendi kuchemshwa. Rangi natumia maji ya bitiruti, vijiko viwili, mwisho kabisa. Nilipoyatia mwanzoni yakachemka na shira, nilipata mabuyu ya rangi ya matope na watoto wakayakimbia. Uchachu wa buyu wenyewe unasaidia wekundu ukae. Hata hivyo ni sukari inayonata kwenye meno. Kwetu ni ya Ijumaa, na maji yanafuata.

Kuhusu vinywaji sitasema mengi. Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, yaani vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula chake cha siku, na kwa mtoto wa darasa la pili hiyo ni kama gramu 40. Chupa moja imekaribia kummalizia fungu lake la siku nzima. Mpe maji.

Nirudi kwenye vifungio. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tulihamia karatasi ya jikoni inayong'aa kama fedha, yaani foili, ambayo inatumika mara moja tu na kutupwa, na wengine wakahamia gazeti. Gazeti msifungie chakula, tafadhali. Bajia ikilala juu yake, mafuta yanavuta wino, na wino unaliwa. Mimi nimekata leso kuukuu vipande vya mraba, vya ukubwa wa shubiri moja na nusu, fundi akavipinda ukingo kwa muda wa kunywa chai. Kipande kinafunga mahamri mawili au muhogo wa kuchoma, kinarudi kimekunjwa, kinafuliwa na sare za shule. Leso ile ilikuwa na jina refu la mafumbo, na nilipokata sikuangalia. Kipande kimoja kimebaki na neno MASIKIO peke yake. Binti yangu anakipenda hicho kuliko vyote, na darasani wenzake wanakisoma kwa sauti.

Muhogo, kwa njia, peke yake haumshibishi mtoto kwa muda mrefu. Ni wanga mtupu. Uandamanishe na njugu au mbaazi kavu za kukaanga. Chagua ule mtamu, menya ganda zote mbili mpaka weupe, uchemshe vizuri kabla ya kuuchoma, na wenye uchungu mdomoni usimpe mtoto.

Daftari bado lipo. Muhula uliopita lilianza kunipa raha: wiki tatu mfululizo niliandika "tupu, tupu, tupu". Nikamsimulia dada yangu, nikajisifu, nikamwambia vidonge vya chicha vimeshinda krispi za dukani. Jumamosi moja nikakutana sokoni na mama wa mwenzake wa darasani. Baada ya salamu akaniambia, "Mamake, hebu nipe namna ya kutengeneza vile vya nazi na tende, mwanangu kila siku ananiletea habari zake." Nikamuuliza amevijulia wapi. Kumbe binti yangu huvibadilisha: vidonge viwili kwa pakiti moja ya krispi, kila siku saa nne, bila kukosa.

Nimempa yule mama maelezo yote. Na siku hizi natia vitatu.