Betri ndogo ya haibridi ikifa mara kwa mara, pima kabla ya kununua nyingine

Wenye Aqua, Prius na Fielder za haibridi wananiletea kilio kinachofanana. Asubuhi mtu anabonyeza kitufe, taa zote za dashibodi zinawaka kwa pamoja, kitu kinagonga ta-ta-ta huko ndani, taa ya READY, ile ya kusema gari liko tayari kuondoka, haitokei na gari linagoma kutoka kwenye P. Anaitwa fundi wa jirani, anachungulia, anatikisa kichwa: betri ya haibridi imekufa, bosi, andaa milioni kadhaa. Mara nyingi betri hiyo kubwa ni nzima kabisa. Iliyoishiwa ni ile ndogo ya volti 12, na hata hiyo ndogo huenda haina kosa lolote.

Gari hili lina betri mbili. Kubwa, kwenye Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka 2009, ina volti 201.6, kwenye Aqua ni volti 144. Hiyo ndiyo inayosukuma gari na kuzungusha injini. Ndogo ina kazi ya kuamsha. Ukibonyeza kitufe, inazipa kompyuta umeme, kompyuta zinajikagua, halafu zinafunga rilei nzito, yaani swichi za umeme, zinazoruhusu umeme wa betri kubwa uingie kwenye inveta, kifaa kinachougeuza umeme huo uendeshe mota. Hapo ndipo READY inapowaka. Rilei zisipofunga, betri kubwa inaweza kuwa imejaa hadi juu na gari lisisogee hata hatua moja. Stata ya kawaida hamna. Alteneta pia hamna: chaji ya betri ndogo inatoka kwenye konveta iliyo pamoja na inveta, inayoshusha umeme wa betri kubwa hadi volti 14 hivi.

Sasa tazama shida inapoanzia. Gari la kawaida la petroli linakuonya. Stata inaanza kusuasua, injini inazunguka kwa uvivu, na wewe mwenyewe unasema betri hii inaelekea mwisho. Haibridi haina onyo hilo. Kuamsha kompyuta na kufunga rilei kunahitaji umeme kidogo tu ukilinganisha na stata, kwa hiyo betri iliyochoka vibaya inaendelea kuwasha READY wiki hadi wiki kana kwamba hakuna tatizo, hadi siku volti zinapozama chini ya kile kompyuta zinachokubali. Siku hiyo gari linagoma moja kwa moja. Mwenye gari anaapa kwamba jana lilikuwa zima, na kweli jana liliwaka. Ukimuuliza zaidi ndipo anakumbuka kwamba saa ya dashibodi imekuwa ikirudi mwanzo, au kilomita za safari zinajifuta, au milango ilichelewa kuitikia ufunguo. Hayo ndiyo yalikuwa maonyo.

Kwa hiyo mtu akiniambia "fundi, nimebadilisha betri juzi na imekufa tena", simuulizi aliinunua wapi. Ninataka majibu ya maswali mawili: je, inachajiwa gari likiwa READY? Na je, kuna nani anakula umeme usiku gari likiwa limezimwa? Mita ya kupimia umeme ya bei nafuu inatosha kuanzia.

Pima asubuhi, kabla gari halijawashwa. Kwenye Prius pima kupitia kichwa cha kubustia, yaani cha kuazima umeme wa betri nyingine, kilicho ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti, chenye kifuniko chekundu, kwa sababu betri yenyewe iko kwenye buti na mlango wa buti unafunguka kwa umeme. Aqua betri yake iko chini ya siti ya nyuma. Ikisoma volti 12.6 hadi 12.8, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Chini ya 12 usishangae gari kugoma, na ikishuka hadi 11.8 ni sawa na tupu. Kisha washa gari hadi READY na upime tena. Unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 14 na ushei, konveta inafanya kazi yake na unaweza kuacha kuisingizia.

Ikiwa READY imewaka na mita bado inasoma 12 na kitu, hapo konveta haichaji, au umeme wake haufiki. Kabla ya mtu yeyote kutaja inveta, kagua fyuzi kubwa ya konveta kwenye boksi la mbele na kaza vichwa vya betri pamoja na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi. Fyuzi hiyo nimeikuta imekatika kwenye magari ambayo mtu alibusti kwa kugeuza nyaya, chanya kwenye hasi. Gari likipimwa kwa kompyuta, kodi (namba ya hitilafu) ya P0A08 inaelekeza kwenye konveta. P0560 inaelekeza kwenye umeme wa volti 12 wenyewe. Ila kuwa mwangalifu na kodi. Betri ikizama sana, kompyuta zinalalamika kila moja kwa lugha yake: breki, usukani, mifuko ya hewa. Futa zote, chaji betri vizuri, halafu uone zipi zinarudi. Kuna watu wamebadilishiwa vifaa vya gharama kwa sababu ya kodi zilizozaliwa na volti 10.

Kuhusu betri yenyewe nitasema wazi kwa sababu hapa mjini inafanywa vibaya sana. Betri ya kiwandani ni AGM, aina ambayo tindikali yake imenyonywa kwenye mikeka badala ya kuelea kama maji, na kwenye chapa utaona namba kama S46B24R kwa Prius au S34B20R kwa Aqua. Hiyo S ya mwanzo ina maana betri imefungwa kabisa, na ubavuni kuna mdomo wa bomba dogo linalotoa gesi nje ya gari. Betri hii inakaa ndani, mnakokaa watu. Ukiweka betri ya maji au ile wanayoiita betri kavu ya kawaida, bila bomba, hewa yake ya tindikali na haidrojeni inabaki humo humo, na kwenye Aqua inakaa ubavuni mwa betri kubwa. Vichwa vya betri ya kiwandani navyo ni vyembamba. Ukiweka betri ya vichwa vinene fundi atapanua klampu kwa nyundo, na siku ukirudisha iliyo sahihi haitashika vizuri. Klampu iliyolegea inatoa dalili zile zile za betri iliyokufa, na nimeona watu wakinunua betri ya tatu wakati shida ilikuwa nati moja ya spana namba 10.

Kuna jambo jingine kwa magari yaliyoingia karibuni. Gari limekaa yadi ya Japani, limepanda meli, limekaa bandarini, kisha limekaa tena yadi ya muuzaji likibustiwa kila mteja akija kulijaribu. Betri ya risasi na tindikali iliyoachwa tupu kwa wiki nyingi inaganda salfa kwenye sahani zake na hairudi kwenye uwezo wake hata ukiichaji mwezi mzima. Itasoma 12.7 ikitoka kwenye chaji na kesho yake itasoma 12.1 ikiwa juu ya meza, haijaunganishwa na kitu. Hilo ndilo jaribio ninalolipenda: chaji taratibu kwa ampea 4 au 5, ing'oe, iache usiku mzima pembeni, pima. Ikishuka ikiwa peke yake, hiyo imekwisha. Joto letu la pwani nalo halisaidii. Betri ya miaka minne ni mzee.

Lakini ikibaki na 12.7 ikiwa peke yake, na ndani ya gari inakufa kwa siku tatu, basi kuna mwizi.

Gari lolote la kisasa linakula kidogo likiwa limezimwa, kwa ajili ya kumbukumbu, kufuli na kusikiliza ufunguo. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Chukua betri ya ampea-saa 40, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 40: mlaji wa miliampea 30 anamaliza chini ya ampea-saa moja kwa siku, kwa hiyo nusu ya betri inachukua karibu mwezi. Mlaji wa miliampea 300 anakula ampea-saa 7.2 kwa siku, na kwa siku tatu nusu imekwenda. Betri ya Aqua ni ndogo zaidi, hivyo inawahi. Kwenye gari la kawaida lenye betri kubwa mlaji huyo huyo angejificha kwa muda mrefu.

Kumpima kunataka subira. Fungua boneti na buti, shusha kioo cha dereva, kisha funga lachi ya mlango unaouacha wazi kwa bisibisi, au bana swichi yake, ili gari liamini mlango umefungwa. Peleka ufunguo mbali. Weka mita kwenye ampea 10, shika ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye klampu yake, halafu ndipo uinue klampu, ili umeme usikatike. Subiri nusu saa hivi kompyuta zilale. Mwanzoni utaona ampea kadhaa, zitashuka hatua kwa hatua. Na katika muda huo usifungue mlango wa dereva! Pampu ya breki kwenye Prius na Aqua huamka mlango huo ukifunguliwa, inavuta ampea nyingi kwa ghafla, na fyuzi ya mita yako inakatika. Ukiwa na klampu mita ya umeme wa moja kwa moja inayosoma miliampea, tumia hiyo na uepuke karaha yote.

Ukiona miliampea 200 au 300 hazishuki, usianze kung'oa fyuzi moja moja. Ukiirudisha tu, kompyuta inaamka na unaanza kusubiri upya. Weka mita kwenye milivolti na uguse vitobo viwili vilivyo mgongoni mwa fyuzi ikiwa mahali pake. Isiyopitisha umeme itasoma sifuri. Fyuzi ndogo ya ampea 10 ikisoma milivolti mbili na kitu, inapitisha karibu miliampea 300, na umeshaupata mlango anakotokea mwizi.

Ninaowakamata kwa wingi ni vitu vilivyofungwa baada ya gari kufika nchini. Wa kwanza ni traka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Gari limenunuliwa kwa mkopo, mkopeshaji kafunga yake, mwenye gari naye kafunga ya kwake, na zote mbili zimechukua umeme moja kwa moja kwenye betri. Traka iliyoegeshwa mahali pasipo na mtandao inahangaika kuutafuta usiku kucha. Ya mkopeshaji usiing'oe. Mwambie aje aikague, maana mkataba wako unaijua. Wa pili ni redio ya Android iliyochukua nafasi ya ile inayoongea Kijapani. Mfungaji anaunganisha waya wa njano, wenye umeme muda wote, na mwekundu, wa swichi, pamoja, redio inawaka haraka na mteja anafurahi, ila haizimiki tena kabisa. Yupo pia alamu ya ziada juu ya alamu ya gari, na kamera ya kioo inayorekodi hadi maegeshoni. Vya gari lenyewe ni vichache: taa ya buti isiyozima, swichi ya mlango iliyochoka. Ufunguo nao: ukiuning'iniza ukutani mita moja au mbili kutoka gari linapolala, gari na ufunguo vinaendelea kuitana.

Tabia za dereva nazo zina sehemu yake. Kwenye foleni ya pantoni Kigamboni utakuta mtu kazima READY ili "kuokoa mafuta", kaacha ACC, redio inaimba na simu inachaji. Konveta imelala, na vyote vinaibebesha betri ndogo. Aache READY iwake. Injini itajizima yenyewe isipohitajika. Mwingine anaacha READY lakini anaweka N na kiyoyozi kinavuma. Kwenye N betri kubwa haichajiwi hata injini ikiunguruma, kwa hiyo tumia P. Na gari linalokaa wiki tatu bila kuguswa litoe hasi ya betri, au liwashe READY saa nzima kila wiki. Dakika tano hazisaidii kitu.

Ukikwama leo na unataka kubusti, mlango wa dereva unafunguka kwa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Nyekundu kwenye kichwa cha kubustia, nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini au bodi, mbali na betri. Hakikisha mara mbili, maana kugeuza kwenye haibridi kunaweza kuua konveta au inveta. Huhitaji gari kubwa la kukubusti. Hata betri ndogo ya pikipiki ikiwa na chaji nzuri inaweza kuwasha READY, kwa sababu hakuna stata ya kuzungusha. Ikishawaka, usitoe klampu ya betri yako gari likiwa READY, na usiguse nyaya za rangi ya chungwa, zile za umeme wa betri kubwa, kwa sababu yoyote ile.

Na jirani wa Hilux ya dizeli akija kuomba umbusti kwa Aqua yako, mkatalie kwa upole. Stata yake inavuta ampea mia kadhaa, na nyaya na fyuzi za gari lako hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Mtafutieni Noah ya petroli isiyo haibridi.